Tikiti Ndani ya Tangi

Jumatatu, 2 Februari

Joto! Hata saa za wateja zimechoka kutembea. Jioni nimenunua tikiti maji kubwa kama mtoto wa miaka miwili. Nimelichagua kwa sikio. Mimi ni fundi saa. Nasikia punje ya mchanga ndani ya saa ya kike, sembuse tikiti! Muuzaji alisema hajapata kuona tikiti likisikilizwa muda mrefu hivyo. Nimeichukua kama sifa.

Nyumbani, Mama mkwe akashika kisu. Alikuja kututembelea siku mbili. Hii ni wiki ya tatu. Moyo wa tikiti, ule mwekundu usio na mbegu, akampa mwanawe, shemeji yangu fundi bomba. Eti ameshinda juani, masikini. Mimi? Kipande cha pembeni, cheupe, ladha ya tango. Nimetabasamu. Tumbo halikutabasamu.

Jumanne, 3 Februari

Nimeamua. Nitanunua langu, nilile peke yangu, kwa kijiko, kuanzia katikati kwenda nje. Kama mfalme!

Tatizo: tikiti lenye joto halina tofauti na uji. Friji haifai, mke wangu anajua hata idadi ya ndimu zilizomo. Nikafikiri hadi kichwa kikauma. Tangi la saruji juu ya bafu! Maji yake hukaa baridi kutwa. Mchana, wote wakiwa wamelala, nikapanda ngazi na tikiti langu jipya. Chubwi! Nimeshuka na suruali iliyochanika na moyo mweupe. Mke wangu akauliza nilikuwa wapi. Nikasema nakagua bati. Akauliza nimeanza lini kujua bati.

Kesho saa kumi, kijiko mkononi.

Jumatano, 4 Februari

Za mwizi arobaini. Zangu hazikufika mbili.

Asubuhi maji yamekatika. Mama mkwe yumo bafuni, povu hadi kwenye nyusi, anauliza kwa sauti ya kuamsha mtaa amemkosea nani. Mke wangu akamwita kaka yake. Nikajaribu kuzuia: nikasema bila shaka maji yamekatika kila mahali, tuwe na subira. Papo hapo jirani akapita na ndoo imejaa pomoni. Kuna watu hawana adabu.

Shemeji akapanda. Mara kicheko.

“Shemeji! Tangi lenu limezaa!”

Tikiti lilikuwa limejibana chini ya boya, lile pira linalofunga maji tangi likijaa, boya likabaki juu kana kwamba tangi limejaa, koki ikakataa kufunguka. Shemeji alieleza hayo mbele ya wote, taratibu, kwa raha zake. Mama mkwe akatoka na kanga, povu likimkauka masikioni, akauliza nani kaliweka. Nikasema labda ndege. Akanitazama. Nikakiri.

Nilitegemea matusi. Badala yake akaomba kisu. Kraa! Ubaridi ulitupiga usoni. Tukala palepale kizingitini, maji yakitiririka hadi kwenye viwiko. Jamani, utamu! Shemeji alimeza mbegu bila kujua. Halafu Mama mkwe akaukata moyo wote, akaniwekea kiganjani.

“Ungesema tu, mwanangu. Sisi si watu wa kunyimana.”

Nusura nilie. Nimeapa mbele ya mke wangu: hila basi, siri basi, tikiti litakatwa mezani.

Jumamosi, 7 Februari

Siku tatu nimeishi kama malaika. Tumekula matikiti mawili kwa pamoja, kwa upendo, vipande sawasawa. Vipande sawasawa ni vidogo sana.

Nimetafakari kosa langu kwa unyofu. Halikuwa uchoyo. Lilikuwa ukubwa: tikiti dogo lisingefika kwenye boya. Leo nimenunua mawili madogo, nimeyasikiliza vizuri, yameiva.

Jirani amesafiri hadi Jumatatu. Tangi lake halina mfuniko.