Jembe la Babu Kwenye Eksirei

Jumatatu, 2 Juni 2025
Siku yangu imefika! Jana kanisani wametangaza: Alhamisi wataalamu wa mambo ya kale wanakuja hapa Ikuti na mashine ya eksirei. Watachunguza vyuma vya wazee, waone kutu inavyovila. Kitakachochaguliwa kitakwenda maonyeshoni Tukuyu, jina la ukoo chini yake. Mimi nina jembe la babu, lililofuliwa kwa mkono. Bibi alilimia shamba lake la kwanza la ndizi. Jirani yangu Lusungu ana mkuki tu, mweusi kwa masizi. Pole yake!

Jumanne, 3 Juni
Jembe lina kutu ya aibu. Wageni waonyeshwe uchafu? Thubutu! Nimelisugua msasa kutwa, kisha rangi ya fedha mara mbili. Linang'aa! Mke wangu Sekela kasema vitu vilitakiwa vipelekwe vilivyo. Nimemwambia hajui kupokea wageni.

Alhamisi, 5 Juni
Balaa! Mtaalamu, Bi Siham, alipoliona alishika kichwa. Kumbe kutu ndiyo waliyoifuata! Inaeleza udongo wetu na mvua zetu za miaka yote, nami nimeikwangua. Kaelekeza kimashine cha kupimia uso wa chuma, kikasoma rangi ya dukani. Lusungu kacheka mpaka kakohoa. Mkuki wake umepokelewa kwa glavu, na masizi yake! Nimeliacha jembe palepale ukumbini, nikaondoka. Wanataka kutu? Watapata kutu.

Ijumaa, 6 Juni
Jana nilinunua jembe jipya dukani, nikaliloweka kwenye chumvi na malimao. Asubuhi jekundu! Bodaboda mpaka Tukuyu, walikorudi wataalamu na mashine yao. Nikamwambia Bi Siham ni la babu mzaa babu. Kalipiga eksirei. Chini ya kutu, nembo ya kiwanda! Kaniuliza kwa upole kama babu mzaa babu alikuwa na kiwanda. Nikajibu alikuwa na mambo mengi.

Jumamosi, 7 Juni
Bi Siham kaja mwenyewe, kaniletea jembe la babu nililoliacha ukumbini! Kumbe alilichukua, akalipiga eksirei nalo pia. Mionzi imeipita rangi, ikaonyesha chuma kilivyokunjwa na kupigwa nyundo, na ufa uliozibwa na mfua chuma. Linakwenda maonyeshoni! Nimelia. Sekela kalia. Nimesema ndaga fijo mpaka mgeni kachoka kushukuriwa. Katuachia tuliage, gari litalifuata Jumatatu. Kaagiza lisiguswe hata kwa kitambaa.

Jumapili, 8 Juni
Jembe lipo mezani. Pale Bi Siham alipokwangua rangi kupima pamebaki doa. Doa, juu ya jina la ukoo! Lusungu atasemaje? Kwenye kopo rangi ipo kidogo. Nimeziba doa tu. Nikapitisha msasa kwanza, rangi ishike vizuri. Kisha upande wa pili, pande zifanane. Sekela yuko kanisani. Akirudi litakuwa limekauka.