Habari za Pikipiki Iliyonenepa Sebuleni

Zimeni redio, enyi wapangaji na wenye nyumba, nanyi mnaosubiri ndoo zijae bombani. Sogezeni vigoda, wanyamazisheni watoto, mkae mkao wa kusikia, kwa maana nitawasimulia vita ambavyo macho yangu yaliviona na bega langu la kulia mpaka leo linavikumbuka. Sina habari za wafalme, kwani hakuna mfalme aliyewahi kupanga uani kwetu. Nitamtaja jirani yangu Fundi Milango, bwana wa randa, mtiisha misumari, baba wa bawaba zisizolia, ambaye siku ya Jumamosi, mbele ya mkewe na mbele yangu, aliitoa pikipiki yake sebuleni akaifikisha barabarani kabla basi halijaondoka.

Anayetaka kucheka na acheke sasa, amalize, tuendelee. Mimi nilikuwepo tangu mwanzo wa mambo, kwa kuwa nilikuwa nimekwenda kumkumbusha habari ya mlango wangu. Mlango wangu uliliwa na mchwa ukaisha, Fundi akaniahidi mwingine wa mbao ngumu, na tangu ahadi ile nimekuwa nikiishi nyuma ya pazia la maua mekundu, pazia ambalo paka wa mtaa mzima wanalipita bila hata kubisha hodi. Kila nilipomwuliza, Fundi alinishika mkono kwa upole akaniambia ni kesho.

Wala sikuwa peke yangu katika taifa la wanaosubiri. Mama mkwe wake, mwanamke mwenye kumbukumbu ndefu na simu yenye sauti kubwa, alikuwa amekwisha kumpa jina. Alimwita Mkwe Kesho.

Fahamuni basi chanzo cha vita. Zamani, Fundi alipokuwa akimchumbia mkewe, ambaye ni mshonaji wa sare za shule, alikuwa akimpakia kwenye baiskeli, juu ya keria ya chuma kitupu, kwenye barabara yenye mashimo, naye bibie alikaa upande akavumilia wala hakulalamika. Siku moja Fundi akasimamisha baiskeli, akapanda juu ya jiwe, akaapa. Aliapa kwamba atakuja kununua pikipiki ya safari ndefu, yenye kiti kipana na egemeo nyuma yake, na juu ya kiti hicho atampeleka nyumbani kwa mama yake akiwa ameegemea. Wakaoana. Miaka ikapita juu ya kiapo kile kama wapita njia, na bibie akaendelea kwenda kwa mama yake kwa basi, amesimama.

Hatimaye pikipiki ikaja, mpya, nyeusi, tangi lake likimetameta hata ukaweza kunyoa ndevu mbele yake. Mtaa mzima tukatoka kuitazama. Mama mkwe akapigiwa simu, akaanza kufagia. Lakini Fundi hakwenda kokote, kwa sababu alisema pikipiki ya safari isiyo na vifaa ni sawa na kitanda kisicho na chaga, na yeye si mtu wa kumlaza mtu chini.

Ndipo mshonaji aliponena, huku akitunga uzi kwenye sindano, bila kupandisha sauti hata kidogo.

"Jumamosi mama anapika. Saa nne basi linaondoka. Ikifika saa nne sijakaa kwenye hiyo pikipiki yako, napanda basi. Na nikilipanda, mume wangu, hicho kiti cha nyuma pakia mbao. Mimi sitakikalia tena."

Fundi aliogopa. Nilimwona usoni, nami siwafichi. Alimpenda mke yule kuliko alivyoipenda randa yake, na alijua kwamba akisema jambo huku anatunga uzi, jambo hilo limekwisha.

Akauchagua uwanja wa vita, nao ulikuwa sebule yake. Nje mvua ilikuwa ikinyesha kila alasiri, na uani kulikuwa na washauri wengi kupita kiasi, mmoja wao mimi. Makochi yakasukumwa ukutani, shuka kuukuu likatandikwa, na pikipiki ikaingizwa mlangoni ikiwa nyembamba bado, msichana wa mjini, ikapita bila kugusa popote. Kumbukeni jinsi ilivyopita, maana haikupita hivyo tena.

Niwahesabieni sasa zana alizozileta kutoka kwa muuza vipuri, kila moja ndani ya boksi lake. Kwanza kioo kirefu cha kukinga upepo, ambacho inzi wa mtaa walikuja kukitazama wakafia hapo. Zikafuata taa mbili za kupenya ukungu, ingawa hapa petu ukungu huonekana tu pale mshonaji anapopasha pasi. Akaleta vyuma vya kulinda injini ikianguka, na kishikilia simu, na soketi ya kuchaji simu ile, na honi yenye midomo miwili ambayo alipoijaribu ndani ya nyumba picha ya harusi ilianguka. Akaleta hata vishikio vya usukani vinavyopashwa joto kwa umeme, yeye anayelala bila shuka mwaka mzima. Nilipomwuliza vya nini, alinijibu kwamba huwezi kujua.

Lakini fahari ya jeshi lote ilikuwa masanduku mawili ya alumini, makubwa, yenye pembe, moja kila ubavu. Masanduku yale yana ufunguo; ukiuzungusha yanachomoka, unaingia nayo hotelini kama mheshimiwa. Fundi hakuuamini ufunguo ule. Mtu aliyetengeneza makufuli ya nusu ya mtaa huu anajua jinsi yanavyofunguka. Kwa hiyo akatoboa masanduku kutoka ndani, akayafunga kwenye vyuma vyake kwa boliti za kuzuia wezi, zile ambazo ukizikaza mpaka mwisho vichwa vyake vinakatika na kubaki vijiti laini visivyoshikika kwa spana wala kwa koleo. Vichwa vikakatika kimoja baada ya kingine, tak, tak, naye akainuka, mgongo ukamlia, akahutubia.

"Jirani, shuhudia. Mwizi na aje na spana zake zote, aje na shemeji zake. Hataondoka na masanduku haya mpaka aondoke na pikipiki nzima."

"Na akiondoka na pikipiki nzima?" nikauliza.

Akafagia vichwa vya boliti kwa kiganja.

Mshonaji alikuwa kwenye cherehani yake, akimalizia mto wa lile egemeo, mto wa ngozi bandia aliouweka mgongoni mwake mara kwa mara kuujaribu, akiurudisha, akiupunguza sufi, akiujaribu tena. Ndio peke yake uliokuwa umebaki. Futi kamba ilikuwa shingoni mwake, mahali inapokaa siku zote. Akainua macho juu ya miwani.

"Umepima mlango?"

Enyi mnaosikiliza, hapa ndipo historia ilipokunja kona. Fundi alikuwa amepima kila kitu. Alipima masanduku, alipima urefu wa miguu ya mkewe, alipima hata ua wa mama mkwe kwa simu ajue ataegesha wapi. Lakini mlango ule aliutengeneza yeye mwenyewe wiki ya harusi yao, akauchonga maua, akaupiga vanishi, na wateja huletwa kuutazama kabla hawajaagiza wa kwao. Akacheka, tena kwa huruma.

"Mke wangu, mimi ndiye niliyeuzaa mlango huu. Nani anampima mtoto wake kwa futi? Mlango huu uko hapa," akajipiga kifuani.

"Sawa," akasema mshonaji, akarudi kwenye mto wake.

Jumamosi ikapambazuka, kweupe, bila wingu. Egemeo likafungwa, mto ukakaa mahali pake. Mshonaji akavaa gauni la safari. Fundi akavaa kofia ya chuma humo humo sebuleni, akashika usukani, nami nikashika nyuma, na kwa kishindo kikuu tukaisukuma pikipiki kuelekea kwenye mwanga.

Gurudumu la mbele likatoka. Kioo kikatoka, usukani ukapindishwa ukatoka. Kisha masanduku yakafika mlangoni, yakagonga miimo yote miwili kwa pamoja, na pikipiki ikasimama, nusu dunia, nusu sebule.

Tukairudisha nyuma tukaja kwa kasi zaidi. Masanduku yakagonga. Tukaiinua mbele, kioo kikagusa dari ya baraza. Tukaigeuza ili itoke kinyumenyume, na katika kuigeuza tukaangusha kabati la vyombo, kisha masanduku yakagonga kwa upande ule mwingine. Fundi akachukua spana kwenda kuyafungua, akapiga magoti, akavitazama vile vijiti laini visivyo na vichwa, akakaa hapo chini muda mrefu. Mwizi alikuwa amezuiwa kweli kweli.

Mwisho wa mtaa basi lilikuwa limekwisha kuwasha injini, na kondakta anapakia mizigo juu. Simu ikalia. Mama mkwe hahitaji kipaza sauti, hivyo sote tulimsikia.

"Mmetoka?"

"Tuko mlangoni, mama," akasema Fundi, na huo ulikuwa ukweli mtupu.

"Mlangoni mwangu?"

"Mwetu."

"Haya, Mkwe Kesho. Mwambie mwanangu namwekea chakula. Najua atakuja na basi."

Simu ikakatika. Mshonaji alivua futi kamba shingoni, akapima masanduku kutoka pembe hadi pembe, akapima mlango kutoka mwimo hadi mwimo, kisha akapima tena mlango pamoja na unene wa miimo, mpaka kwenye tofali.

"Ikitoka fremu, inapita," akasema. "Inapita kwa shida lakini inapita. Mimi navaa viatu."

Akaingia chumbani. Mume wake akabaki amesimama kati ya vipenzi vyake viwili, mkono mmoja juu ya tangi jeusi, mwingine juu ya maua ya vanishi. Kumbukeni huyu alikuwa mtu ambaye hajawahi kuvunja kazi yake mwenyewe. Akauhutubia mlango.

"Ewe mlango, nilikuchonga nikiwa na kiuno chembamba. Hukupinda kwa mvua, hukulia kwa jua. Umewazuia wezi na wadai, na mara moja umemzuia mama mkwe, kwa bahati mbaya. Hujanikosea kitu. Lakini yule mwanamke amekaa kwenye chuma kitupu kwa ajili yangu."

Kisha akatupa kofia, akashika nyundo na tindo. Akagonga pini za bawaba, na zile bawaba zisizolia zikalia siku hiyo, mara ya kwanza na ya mwisho. Mlango ukatoka, tukauegemeza ukutani. Akaiendea fremu. Mwingine angeipasua, lakini yeye alijua kila msumari ulipolala, akaichomoa nzima kutoka kwenye tofali, vumbi la saruji likimpaka nywele mvi za miaka ishirini. Mshonaji akatoka chumbani amevaa viatu, mkoba begani. Basi likapiga honi.

"Jirani, bega," akaniambia Fundi.

Nikatoa bega la kulia. Tukasukuma. Sanduku la kushoto likakwaruza tofali, sanduku la kulia likakwaruza bega langu, ukuta ukanguruma, na pikipiki ikatoka kwenye jua yote nzima, masanduku yake yote, taa zake za ukungu, vishikio vyake vya joto, imechubuka mbavu zote mbili na mpya kuliko zote barabarani. Fundi akaokota kofia yake akaivaa, akaiwasha pikipiki. Akapiga honi ya midomo miwili, na kondakta wa basi akaangusha kuku wa watu.

Mshonaji akalitazama basi. Akaitazama pikipiki. Akapanda. Alikaa kwanza wima, kama alivyozoea kukaa miaka yote ile, mikono magotini. Kisha taratibu akajirudisha nyuma, mpaka mgongo wake ukaukuta mto alioushona mwenyewe, akaegemea.

"Enhe," akasema. Mumewe hakuthubutu kugeuka. "Twende basi, kabla hujakumbuka kifaa kingine."

Fundi alikuwa analia ndani ya kofia yake, nilimwona. Lakini kabla hajaondoa mguu chini, alitazama nyumba yake iliyoachama, akatazama mlango ulioegemea ukutani pamoja na fremu yake, akalitazama pazia langu la maua mekundu likipepea upande wa pili wa uani.

"Jirani, nilindie nyumba mpaka turudi," akasema. "Na huo mlango ni wako. Ufunge leo leo."

Neno hilo, leo, halikuwahi kusikika kinywani mwake kabla ya hapo, na mkewe alishtuka hata akashika egemeo.

Basi andikeni, enyi mnaojua kuandika, na msiojua mshike kichwani: siku hiyo pikipiki ilitoka sebuleni, bibie alifika kwa mama yake akiwa ameegemea, na chakula kilikutwa cha moto. Mama mkwe alimkagua Fundi, akampangusa saruji kichwani kwa ncha ya kanga, akamwekea kipande kikubwa cha nyama bila kumwita jina lolote.

Mimi siku hizi naishi nyuma ya mlango wa maua yaliyochongwa, uliopakwa vanishi, na nimeufunga. Paka wanakaa nje wakiutazama. Ng'ambo ya uani Fundi amevunja tofali akapanua nafasi ya mlango, pikipiki inaingia na kutoka inavyotaka, na penye mlango wake pananing'inia pazia langu la maua mekundu, ambalo mshonaji aliliongezea upana. Jana nilikwenda kumwuliza mlango wake mpya utakuwa tayari lini. Akanishika mkono kwa upole, akaniambia ni kesho.