Vibandiko vya Mama na Akili Zangu Nyingi

Jumanne, 4 Machi
Mama kashona mkono wa kushoto upande wa kulia. Tena! Mteja kachukua kitambaa chake, kaondoka kabinua midomo. Usiku Mama halali. Joto linampanda ghafla, analowa jasho, anafungua madirisha yote, sisi tunatetemeka. Daktari kampa vibandiko vya homoni, vya kubandika kiunoni. Viko kabatini, boksi halijafunguliwa. Shangazi, dada yake Baba, kasema hivyo ni vya wanawake wanaokataa kuzeeka. Na eti fundi cherehani mzima anavaaje kiraka! Mama akacheka. Boksi halikufunguliwa.

Ningemwuliza Mama mwenyewe kwa nini havibandiki. Lakini aibu! Darasani mambo ya kukoma hedhi nayataja kwa Kiingereza bila kupepesa jicho. Nyumbani, kwa Kiswahili, mbele ya mama mzazi? Ulimi unakuwa gundi.

Jumatano, 5 Machi
Wazo! Shangazi na jirani yetu msusi, Mama Saluni, ni paka na panya. Mmoja akisema kumekucha, mwingine anarudi kulala. Basi nimemnong'oneza Shangazi kwamba Mama Saluni ndiye anayemkataza Mama vibandiko. Uongo mtupu. Masikio yaliniwaka moto.

Ijumaa, 7 Machi
Imefanya kazi! Imefanya kazi mno. Shangazi kaingia bila hodi. Kasema wifi yake hawezi kutawaliwa na msusi, atabandikwa leo leo, na ikibidi mimi nitamshika miguu. Mimi! Mama akaweka mkasi chini polepole. Akasema alikuwa ameshaamua kuanza leo, kwa hiari yake. Sasa haanzi ng'o. Mwili wake si kitambaa cha dukani, kila apitaye akichorechore chaki.

Jumamosi, 8 Machi
Balaa. Mama Saluni kaja na chanuo mkononi, anauliza nani kamsingizia. Yeye na Shangazi wakanigeukia kwa pamoja, mara ya kwanza kuelewana. Nikakiri. Baba akakumbuka ana shughuli nje.

Mama hakufoka. Aliuliza tu kwa nini sikumwuliza yeye. Nikatazama soksi zangu. Akasema haogopi uzee. Hata jana alipoamua kuanza, aliviogopa vibandiko kwa sababu mama yake aliugua saratani ya titi, na hilo hakuwahi kumwambia daktari. Sisi wote tulikuwa tunapiga domo, yeye ataongea saa ngapi?

Jumanne, 11 Machi
Nimemsindikiza kwa daktari. Nilikaa kwenye benchi nikisoma bango la meno, mara nyingi. Mama katoka uso umetulia, habari ya bibi kaisema. Kapimwa, kaelezwa faida na hatari zake yeye, si za jirani. Ataanza, na atarudi kuangaliwa. Nyumbani kafunga mlango wa chumba, kabandika mwenyewe.

Akaniusia: siku nyingine nimwulize mwenye mwili. Nikaapa.

Jioni nimegundua Baba hamezi vidonge vyake vya presha. Nimwulize? Aibu! Na Shangazi haniamini tena. Kwa hiyo nimemnong'oneza Mama Saluni kwamba Shangazi ndiye anayemzuia Baba kuvimeza.