Simu Isiyozimwa

Jumatatu, 3 Machi

Mke wangu bado yuko kwao tangu tugombane. Alinitumia ujumbe wa sauti, nami kwa hasira nikaufuta bila kuusikiliza. Mjinga mimi! Leo simu imeleta onyo: nisasishe mfumo haraka, kuna tundu la usalama. Programu mbovu inaweza kuchungulia hadi kwenye kiini cha mfumo na kusoma mabaki ya yaliyopita humo. Wenzangu wanatetemeka. Mimi nimeruka kwa furaha. Mabaki! Basi sauti yake imo humo! Sasisho nimelikataa.

Jumanne, 4 Machi

Nimempelekea simu shemeji, kaka yake mke wangu, ambaye ni fundi simu. Kacheka hadi akakaa chini. Eti tundu hilo linatoa vipande tu, namba zisizoeleweka, hata salamu moja nzima sipati. Tena simu ikizimwa, au kitu kipya kikipita, hata vipande hivyo vinapotea. Kanishauri nimpigie dada yake nimuulize alisema nini. Fundi gani huyu! Wivu unamsumbua. Nilichoshika ni hiki tu: isizimwe, na kisipite kitu kipya.

Alhamisi, 6 Machi

Kinyozi mimi, na soketi ni moja. Nimechomoa mashine, nimechomeka simu. Mteja katoka kanyolewa upande mmoja, kanitukana hadi ukoo. Sawa tu.

Nimekula peke yangu, simu kwenye chaji, pale anapokaaga yeye. Mto wake bado unanukia mafuta yake ya nywele. Nimemkumbuka jamani, hata kugombezwa naye natamani. Nikajipiga picha nimeukumbatia mto, machozi yananitoka. Sikumtumia. Mwanamume nina msimamo!

Ijumaa, 7 Machi

Nimepakua programu ya bwana mmoja nisiyemjua, anayedai kufukua ya zamani kupitia tundu lile. Imefukua kweli! Imefukua picha yangu na mto, ikaituma kwa kila mtu niliyehifadhi namba yake. Mwenye nyumba kanipa pole.

Jumamosi, 8 Machi

Shemeji kaja mbio. Dada yake kaiona picha, kalia. Yuko tayari kurudi. Atanipigia leo, aniambie tena yote aliyosema kwenye ule ujumbe. Nisipopokea, atajua simtaki. Shemeji kanisihi: shemeji yangu, pokea tu!

Simu imeita. Jina lake! Moyo nusura unitoke. Kidole kilikuwa kimeshafika kwenye kitufe cha kupokea.

Ila nikakumbuka: kisipite kitu kipya. Nimekata. Kapiga tena, nimekata tena. Laiti angejua ninavyoilinda sauti yake!