Anko wa Upande Gani?

Jumanne, 4 Juni

Bango jipya kwenye lile jumba kuukuu la sinema linaloonyesha filamu za enzi za babu, kwa mashine ya kuzungusha mikanda. Jumamosi saa tisa alasiri: ile ya kutisha, nyeusi na nyeupe, ya jumba kubwa na binti yatima. Nimeiona mara mbili. Peke yangu. Huweka begi kwenye kiti cha jirani ili watu wadhani mwenzangu kaenda chooni. Mara zote mbili mwenzangu kaumwa tumbo filamu nzima.

Safari hii sikubali. Nitamwalika Penseli, msichana mgeni darasani anayechora pembezoni mwa daftari. Juzi aliniazima kifutio. Hajakidai mpaka leo. Ni dalili!

Jumatano, 5 Juni

Asubuhi nimefanya mazoezi ya sentensi moja mbele ya kioo cha bafuni. Mama akagonga, akauliza naongea na nani. Nikasema sina mtu. Akasema haya mwanangu, chai inapoa.

Shuleni sentensi ikaniruka. Nikamwambia Penseli kwamba mimi ni mkalimani wa filamu. Mkalimani! Sijui ilitoka wapi. Nikaongeza kwamba natafuta mtu wa kumfasiria, kwa mazoezi tu. Akasema heri, maana yeye kasoma kwa Kiswahili mpaka mwaka jana, na Kiingereza cha sinema humpita kama treni isiyosimama kituoni. Akakubali. AKAKUBALI. Nimerudi nyumbani nikitembea kama mtu mwenye shughuli.

Ijumaa, 7 Juni

Spika amesikia. Huyu ndiye mwenye sauti darasani. Mimi ananiita Kimya, basi pima mwenyewe. Kapayuka mbele ya watu: oyaa Kimya, kumbe una ulimi, nami nakuja, nitakaa katikati yenu! Wote wakacheka. Penseli pia, ila kidogo. Nikamwambia Spika filamu ni Jumapili. Asante akili yangu! Sina majuto. Nina majuto kidogo.

Jumamosi, 8 Juni

Niandike upesi kabla sijaanza kujitetea.

Mlangoni mama mkata tiketi kaniangalia, kamwangalia Penseli, kapaza sauti: leo begi limeota miguu! Nikajifanya simjui.

Taa zikazimwa. Nikafasiri kwa kunong'ona. Kwa dakika kumi nilikuwa mtu mwingine. Bega lake lilikuwa pale pale, halikwenda chooni. Kisha akatokea yule bwana wa masharubu, na binti yatima akamwita anko. Penseli akauliza: anko wa upande gani?

Swali gani hilo! Kiingereza hakisemi. Mkalimani wa kweli angesema sijui. Mimi nikasema ni mjomba.

Penseli akashusha pumzi. Akaninong'oneza kwamba yeye kalelewa na mjomba wake, hana mwingine duniani, basi bwana huyu asiguswe. Jamani! Mimi mwisho naujua. Bwana huyu ndiye muuaji.

Ningesahihisha hapo hapo. Nikazidisha. Bwana akavaa glavu, nikasema anasikia baridi. Akamwambia binti, nitakuzika kando ya babako. Nikafasiri, nitakupeleka ukamsalimie babako. Alipomkaba daktari nikasema anamfunga tai. Penseli akasema tai gani hiyo, mbona daktari kalegea? Nikasema kafurahi.

Polisi walipomtia bwana pingu, Penseli akasimama kabisa, akauliza kwa sauti kakosa nini. Bibi wa kiti cha nyuma hakuvumilia. Eti mjomba! Mjomba wapi, mjukuu wangu? Huyo ni baba mdogo! Kamuua kaka yake arithi nyumba, na huyo mwenzio anakulisha matango pori tangu mwanzo.

Nje, jua kali. Penseli hakufoka. Afadhali angefoka. Alisema ungesema tu hujui, tungebahatisha pamoja. Akavuka barabara. Nikabaki nimesimama mpaka mama wa tiketi akauliza kama nasubiri mtu. Nikasema ndiyo.

Jumapili, 9 Juni

Hakuna.

Jumatatu, 10 Juni

Spika kaja amenuna. Jana alikuta mlango umefungwa, na alikuwa na binamu zake wanne. Hata sikufurahi.

Mapumziko nilijiinamia dawatini nikijifanya nasoma. Penseli akaja mwenyewe! Kasema kamsimulia mjomba wake yote, na mjomba kacheka mpaka kakohoa, hasa pale kwenye tai. Kasema Jumamosi hii kuna filamu nyingine. Je, hiyo naijua? Ila niseme kweli, kasisitiza. Kusema sijui si aibu, na hata kama siijui tutakwenda tu.

Tutakwenda tu! Nilikuwa na neno moja la kutamka. Lilishafika kwenye meno. Kisha nikamwona anageuka kidogo kuangalia dirishani, kama mtu anayetaka kuondoka, nikaingiwa na baridi. Nikasema naijua nje ndani. Nimeifasiri mara tano.

Jioni nikapita kulisoma bango. Filamu ni ya Kifaransa. Kifaransa sijui hata kusalimia.

Lakini siku tano zipo. Na nimechunguza vizuri: herufi ni zile zile.