Yah: Wanyama Tisa Waliogongwa na Malori Wakabaki Hai

Geti la Kilomita Kumi na Mbili,
Barabara ya Kasulu,
Kigoma.

19 Machi 1997

Ndugu Mfawidhi,

Natumaini barua hii itakukuta mezani kwako ukiwa mzima na chai yako haijapoa. Mimi huku getini sijambo, isipokuwa tangu Jumatatu, nilipopokea barua yako, chakula hakinipiti vizuri.

Katika barua hiyo umeniuliza jambo moja, nami nalinakili hapa lisije likapotea njiani. Inakuwaje kuanzia Novemba hadi Januari malori ya chakula cha wakimbizi yaligonga wanyama kumi na mmoja, kumi wakafa papo hapo na kuzikwa, ilhali tangu Idi mpaka leo yamegonga tisa, na wote tisa nimeandika kwamba niliwakuta hai, wakachinjwa, wakaliwa? Umenipa siku tatu kujibu. Umesema pia kwamba Ijumaa utakuja mwenyewe pamoja na bwana mifugo, na ikionekana nimesaini uongo nitaachishwa kazi na kupelekwa polisi. Na kwamba yule mama Elida, anayepika hapa kando ya barabara, ataondolewa yeye na sufuria yake.

Ndugu Mfawidhi, nimeumia. Si kwa ajili yangu, mimi ni karani tu na nimezoea. Nimeumia kwa niaba ya wanyama. Viumbe tisa wamejitahidi kubaki hai katika mazingira magumu ya kazi, na badala ya kupongezwa wametiliwa shaka. Kwa hiyo naleta malalamiko yangu kwa namba, kama nilivyofundishwa shuleni.

1. Kuhusu Waraka. Waraka Namba Nne unasema mnyama aliyegongwa akikutwa hai achinjwe, na nyama yake yaweza kuliwa. Akikutwa amekufa ni kibudu. Azikwe futi sita kwa chokaa na mtu asimguse. Karani ajaze fomu penye maneno "hai / amekufa", afute lisilohusika, asaini. Haya nimeyakariri. Dalili za uhai zilizotajwa ni tatu: kupumua, kuchezesha jicho, kuchezesha mkia. Waraka hausemi mkia uchezeshwe na nani. Kanga watatu wa tarehe 20 Februari walikuwa wakichezesha manyoya mwili mzima wakati lori la pili linawapita. Mimi ni nani nibishane na manyoya?

2. Kuhusu uzoefu. Malori yanapita hapa mara tatu kwa wiki tangu wenzetu walipoanza kuvuka ziwa kutoka Zaire. Wanyama dhaifu walikwisha Januari. Waliobaki ni wale wenye mifupa. Hata sisi watumishi tuliobaki baada ya wenzetu kupunguzwa kazini mwaka juzi tunaonekana wagumu kidogo, na hakuna aliyetuletea bwana mifugo.

3. Kuhusu Feliksi, dereva wa lori la kwanza, ambaye unamshuku kwamba anagonga makusudi ili sufuria ya Elida isikae tupu. Nilimhoji rasmi, nikiwa nimesimama. Alicheka sana. Alisema lori lake lina tani kumi za mahindi na breki za kubahatisha, na kama angekuwa na uwezo wa kulenga asingeanza na mbuzi. Sikumuuliza angeanza na nani.

4. Kuhusu ndezi. Pembeni ya fomu yake umeandika kwa wino mwekundu: "Huyu naye?" Ndiyo, huyu naye. Nakiri kwamba gurudumu lilimpitia kuanzia puani hadi mkiani. Lakini fomu inauliza kama mnyama ni hai au amekufa, haiulizi unene. Alikuwa hai, ila mwembamba.

5. Kuhusu nguruwe pori. Unajua mimi ni mtu wa Ujiji, na mama yangu, Bi Mwanamvua, akisikia tu kwamba jina langu na la mnyama huyo yako kwenye karatasi moja, hatanipokea nyumbani. Kwa hiyo nilimshuhudia kwa umbali wa hatua thelathini. Hata kwa umbali huo ilionekana wazi kwamba bado ana matumaini. Kisu alishika Feliksi, ambaye ni Mkristo na hana tatizo.

6. Kuhusu mashimo. Ofisi inaelekea kusahau kwamba aliyechimba mashimo yale kumi ni mimi. Nilichimba mbele ya watu wanaosubiri lori la kwenda kambini, na watu hao hawakuwa na kazi nyingine ila kunitazama. Januari, nilipokuwa namfukia mbuzi mmoja mnono ambaye mwenyewe hakujitokeza, Elida alinisogelea. Alikuwa ameshuka boti siku mbili kabla, na watoto wanne. Akaniuliza kwa adabu kabisa: "Karani, huyu mbuzi alikuwa wa dini gani? Tujue wimbo wa kumzikia." Nilitazama fomu, nayo haina sehemu ya dini.

Asubuhi yake shimo lilikutwa wazi. Nyama ilikuwa imeoshwa mtaroni ili chokaa itoke, na haikutoka yote. Watoto wawili walioila walilala ofisini kwangu siku tatu, midomo imebabuka, wanakunywa maji kwa kijiko. Nikaandika taarifa. Ulinijibu kwamba shimo halikuwa futi sita. Nilikwenda kupima na ni kweli, lilikuwa futi tano na nusu. Nilijifunza kutokana na kosa hilo. Kuanzia hapo wanyama wakaanza kupona.

7. Kuhusu njaa. Hapa naomba unifuatilie polepole, kwa sababu hoja hii niliiandaa siku mbili. Mahindi yaliyomo malorini ni ya wakimbizi. Mkimbizi ni mtu aliyeandikishwa kambini. Hawa wa getini hawajaandikishwa, kwa hiyo si wakimbizi. Ni wasafiri, na msafiri hujitegemea. Lori la kuwachukua likikwama kwenye matope siku nne, wanaendelea kuwa wasafiri siku nne. Mahindi yanapita mbele yao chini ya turubai, mimi nahesabu magunia, nainua geti, nashusha geti. Kinachodondoka kutoka kwenye msafara huo na kubaki hapa ni kile kilichogongwa tu. Kiofisi, basi, hapa hakuna mwenye njaa, kwani hakuna orodha inayosema hivyo. Na mtu asiye na njaa ana sababu gani ya kula kibudu? Kama hana sababu, hakukila. Kama hakukila, basi alichokula kilichinjwa kikiwa hai. Bwana mifugo aje na hoja nzito kuliko hiyo, nami nitamwekea kiti.

8. Kuhusu Elida. Umeandika kwamba sufuria yake inachochea ulaji wa vibudu na kwamba apande lori kama wengine. Kila lori linapojaza watu yeye hubaki, kwa sababu mumewe bado hajavuka, na kila anayevuka akapelekwa kambini lazima apite geti hili. Watu wa Mwamgongo, kijiji cha ziwani, waliomvusha wamemwambia boti bado zinakuja. Anasema akienda kambini, kambi ni nyingi, na mume wake hajui kusoma mabango. Akikaa hapa, atamwona. Hajaomba kibali cha kupika, ni kweli. Mimi binafsi nina malalamiko dhidi yake: kila ninaposhika kisu huniita mbele ya watu, "Dokta, leo umeponesha nini?" na kituo kizima hucheka. Jambo hili linanivunjia heshima, na naomba liingizwe kwenye kumbukumbu.

Baada ya kueleza hayo, naomba ofisi yako itekeleze mambo haya kabla ya Ijumaa:

(a) Malori yapige honi mara tatu, ili mnyama apate muda wa kujiandaa.

(b) Kila lori libebe mchinjaji juu ya boneti, amekaa tayari na kisu, ili asipite muda kati ya kugongwa na kuchinjwa. Mchinjaji awe mwepesi.

(c) Wanyama wote wa kandokando ya barabara, kuanzia mjini hadi Kasulu, wapewe cheti cha uhai kabla ya kugongwa. Hapo hatakuwapo tena mtu wa kumshuku karani.

(d) Sufuria ya Elida iachwe ilipo. Ikiondolewa, wanyama hawa walio hai watachinjwa na kuoza, na hatuna fomu ya mnyama aliyechinjwa kihalali kisha akakosa wa kumla.

Nisalimie mama watoto na watoto wote. Msalimie Bi Leonia wa masjala, na umwombe aipe barua hii namba ya jalada kabla hujaikasirikia. Wasalimie wenzangu wote wa ofisi kuu, wale waliopunguzwa na wale ambao bado. Huku Feliksi anakusalimu, watoto wa hapa getini wanakusalimu, hata ambao hawajaandikishwa.

Wako katika utii na wasiwasi,

Hamdani Yassir
Karani wa Geti

Nyongeza. Nilikuwa nimekwisha kuikunja barua hii na kuitia kwenye bahasha. Nimeifungua.

Wote tisa walikuwa wamekufa. Kanga, mbuzi, ndezi, wote. Yule pongo, swala wa msituni, alikuwa amepoa. Nilipomwekea kisu hata damu haikutiririka. Nimesaini uongo mara tisa kwa mkono wangu mwenyewe. Elida hajasaini popote, na Feliksi vilevile.

Lakini waliokula sikuwadanganya. Kila aliyekuja na sahani nilimwambia alichokuwa anapewa. Kuna mzee mmoja kutoka ng'ambo, Mzee Assani, Mwislamu kama mimi, aliyevuka na mjukuu wake. Siku ya pongo alikuwa na siku tatu hajatia kitu mdomoni. Kidogo alichopata alimpa mtoto. Alinivuta pembeni ya kibanda akaniuliza, "Mwanangu, ulimkuta anapumua?"

Nikamwambia, "Hapana, mzee. Ni kibudu."

Kisha akasema, "Ahsante kwa kuniambia ukweli. Basi nipe kidogo, cha kunishikilia tu."

Alikula vipande viwili akarudisha sahani, na nyama ilikuwa bado imo. Hakuna aliyemhesabia. Mimi sikula, mimi nina mshahara.

Ijumaa hutakuwa na haja ya kumsumbua bwana mifugo. Utanikuta hapahapa getini na begi langu limefungwa. Naogopa sana, lakini sitakimbia, kwa kuwa sina pa kukimbilia na barabara yote ina matope. Ninachoomba ni kimoja: Elida aachwe mpaka mumewe avuke.

Na karani mtakayemleta asihangaike. Fomu zilizobaki kwenye kabati ni thelathini na moja. Nimezisaini zote leo, na kwenye zote nimekwisha kufuta neno "amekufa". Yeye ajaze tarehe na jina la mnyama.

H.Y.