Virusi vya Kuku wa Nkoma Mlivyovipeleka Kenya

Fredrick Mhoja,
Duka la Dawa za Mifugo,
Nkoma, Wilaya ya Bariadi.
14 Agosti 2006

Kwa Msimamizi,
Hazina ya Vinasaba vya Virusi,
Mtandaoni.

Ndugu Msimamizi,

Mwangaluka. Hiyo ni salamu yetu Wasukuma ya asubuhi. Ikikukuta jioni, ipokee hivyohivyo, haichachi.

Mimi nilikuwa bwana mifugo wa serikali hadi mwaka 1997, tulipopunguzwa kazini na kuambiwa kwamba huduma za mifugo sasa ni za soko huria. Nami nikaingia sokoni, nikafungua duka la dawa. Mwaka jana, mwezi wa saba, nilizunguka na baiskeli kaya kwa kaya nikichanja kuku dhidi ya mdondo, tone moja kwenye jicho la kila kuku. Mwezi wa tisa mdondo ukaja, ukafagia. Kwa Minza, dada wa mke wangu, kuku thelathini na wanne wakabaki watatu. Minza alisimama katikati ya gulio akasema kwa sauti iliyofika Maswa, "Shemeji alitutilia kuku maji machoni!" Tangu siku hiyo naitwa Bwana Maji, hata kanisani.

Wiki ileile alikuja mtafiti, Daktari Felisita. Aliwapangusa kuku wagonjwa kooni kwa kijiti chenye pamba, akaandika kwenye fomu. Nikamuuliza, "Majibu lini, daktari?" Akasema, "Tutayaweka kwenye Hazina ya Vinasaba, mtandaoni, Mzee Mhoja. Dunia nzima itayaona." Nilifurahi sana. Dunia nzima ndiyo niliyoitaka, ilimradi na Minza awemo.

Basi mwaka mzima nimekuwa nikiwaambia watu: subirini, virusi wenyewe watasema. Nilikuwa na hakika watajulikana ni wa aina ngeni, ambayo chanjo ya binadamu yeyote isingeiweza. Juzi nilikwenda Bariadi mjini, kwenye duka la intaneti la binti yetu Justina. Tuliitafuta Hazina yenu tukaipata, nami nikaikagua kama ninavyokagua ng'ombe mnadani, kuanzia meno hadi kwato. Malalamiko yangu, kwa heshima zote, ni haya:

1. Mmeandika nchi ni Kenya, na kijiji ni Nkomo. Ndugu Msimamizi, kuku wa Minza hawajavuka hata Mto Simiyu, sembuse mpaka. Kama walisafiri, walisafiri baada ya kufa. Naomba irudishwe Nkoma, Bariadi, Tanzania, na pembeni pawekwe jina la mchanjaji, ili siku ya kusafishwa asafishwe kwa jina kamili.

2. Mahali pa kutaja mnyama aliyeugua mmeandika "ndege". Hata korongo ni ndege! Aliyepanguswa alikuwa jogoo mwekundu wa Minza, mwenye kishungi, na aliwika mpaka siku ya mwisho. Tarehe nayo mmeiacha wazi. Msomaji wa mbali atajuaje kama tulipigwa kiangazi au masika?

3. Virusi hao hao mmewaandika mara mbili, kwa namba mbili. Nilisoma mimi, Justina akafuatisha kwa kidole, tukachoka kabla ya kuona tofauti. Sensa ya namna hiyo hata balozi wa nyumba kumi angeikataa. Mdondo mmoja ulitutosha.

4. Sasa majibu yenyewe. Nilitegemea sentensi. Nikakuta herufi elfu kumi na tano na ushee, na zote ni A, C, G na T zikirudiwarudiwa, bila nukta wala aya. Nilichapisha ukurasa wa kwanza nikampelekea mwenyekiti wetu wa kijiji, Mzee Mahona. Aliutazama, akaugeuza, akautazama tena. "Sasa hapa," akaniuliza, "wanasema una kosa au huna?" Nilimwambia waandishi bado wanaendelea. Niliona aibu kwa niaba yenu.

5. Katikati ya herufi hizo kuna N mia mbili na kumi na moja zilizofuatana. Justina, ambaye Kiingereza chake ni cha sekondari, alisoma maelezo akaniambia, "Baba, N ni pale waliposhindwa kusoma." Mimi naamini utetezi wangu uko hapohapo. Haiwezekani msome kurasa zote mkwame pale tu palipo na jina langu. Rudini mkasome, ikibidi kwa miwani.

6. Kwa kuwa Hazina yenu haijui nchi, haijui kuku, haijui tarehe, na ina shimo katikati, hakuna anayeweza kuapa kwamba mdondo wa mwaka jana ulitokea. Kama haukutokea, basi chanjo yangu ilifanya kazi. Naomba cheti chenye muhuri kinachosema hivyo. Kikishindikana, njooni Nkoma mmweleze Minza wenyewe. Njooni wawili, mmoja hatatosha.

Nakomea hapa, nisije nami nikafikisha herufi elfu kumi na tano. Nawasalimu wote mnaofanya kazi humo Hazinani, hasa aliyepewa zamu ya kuandika N. Mke wangu Nyanjige anawasalimu, Mzee Mahona anawasalimu. Minza hajui kama nimeandika.

Wenu katika kutafuta haki ya kuku na ya mchanjaji,

Fredrick Mhoja

Nyongeza: Justina alipokuwa akiipiga chapa barua hii, aliona kwenye ukurasa wenu jina la Daktari Felisita na anwani yake, akamwandikia. Daktari amejibu leo. Anasema Kenya ni kosa la wachapaji wao na ataliondoa. Lakini herufi, anasema, zinatosha kabisa, hata na lile shimo. Alizilinganisha na za mdondo mwingine mlioweka humo, akaona ni mdondo wetu wa siku zote, ambao chanjo ile inauzuia. Kisha akauliza swali moja tu: "Mzee Mhoja, chupa ulipoifungua, uliitumia siku ngapi?"

Siku kumi na mbili, Ndugu Msimamizi. Ilikuwa kwenye mfuko wa shati, juani, juu ya baiskeli, na kila kaya nilijiambia bado matone yamo. Kwa Minza nilifika siku ya kumi na mbili.

Kwa hiyo Hazina yenu inafaa, tena inafaa kuliko nilivyotaka. Malalamiko yote sita nayafuta, ila lile la Kenya, kama hamjalishughulikia, msilifanyie haraka. Nimemwambia Nyanjige. Akasema, "Nenda ukamwambie dada mwenyewe, usimtume mtu." Baiskeli iko nje. Nimebeba chupa mpya, haijafunguliwa, nimeizungushia kitambaa chenye maji isipate joto, na safari hii naanzia kwake.